Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Sipendi kumsema vibaya shemeji yangu Rénovat. Uongo huo! Napenda, tena sana, na leo namsema mpaka nichoke.

Rénovat ni mdogo wa marehemu mume wangu, Herménégilde. Mume wangu alipofariki, binti yetu Chanelle alikuwa bado shule ya msingi. Siku ya kumaliza matanga Rénovat alisimama mbele ya watu na suti yake ya bluu, akashika kifua, akaapa kwamba kuanzia siku ile mtoto ni wake, atamlea kwa mikono yake. Akamwita Chantal. Nakuapia, alikosea jina la mtoto wa kaka yake mbele ya watu, na watu wakampigia makofi hivyo hivyo. Baada ya hapo hatukumwona tena. Hakuja mtoto alipolazwa kwa malaria. Hakuja alipofaulu. Hakuja mvua ilipobomoa jiko letu hapa Musaga, mtaani kwetu Bujumbura, tukapikia sebuleni msimu mzima.

Sasa Chanelle amekuwa mtu mzima, amempata Arnaud, kijana wa mtaa wa Kinama, mpole, anayejua kusalimia watu. Familia zikakubaliana siku ya mahari. Haikupita wiki, simu ikalia.

"Mama Chanelle, usijisumbue na kitu," Rénovat akaniambia. "Mi ndiye nitasema."

Wewe usiyetoka kwetu, ngoja nikueleze. Siku ya mahari hapa kwetu, mtoto anatolewa kwa maneno. Kila upande una msemaji wake, na hotuba yake tunaiita ijambo. Wa upande wa mume anajifanya amepita tu njiani, kiu imemshika. Wa upande wa mke anajifanya hajui mgeni amefuata nini. Wanazungushana, wanataniana, vinywaji vinashuka, mpaka mtoto anatolewa. Na msemaji wa upande wa mke hutoka ukoo wa baba. Mwanaume.

"Kwa nini nisiseme mimi?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya mambo mwanaume anazaliwa nayo, Mama Chanelle. We utakaa tu pale, utapendeza."

Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi nasimama mbele ya darasa lililojaa watoto mpaka mlangoni, naongea mpaka sauti inakauka. Na mtu huyu ananiambia nitakaa, nitapendeza! Lakini siyo kukaa kulikonichoma. Kilichonichoma ni kwamba nilijua atakachosema. Atasimama mbele ya wakwe atasema amemlea. Watu wote wa Kinama wataondoka wakijua kwamba Chanelle alilelewa na baba mdogo, na Herménégilde, aliyekuwa akimbeba begani kila Jumapili mpaka kanisani, hatatajwa. Na mimi nitakuwa mama mmoja pale aliyevaa vizuri. Hilo nililikataa. Nililikataa kabla sijajua nitalikataa vipi.

Jibu nilikutana nalo mtaa wa Asiatique, dukani kwa rafiki yangu Khadidja, nilipokwenda kuchagua imvutano, vazi letu la sherehe. Kwenye mlango wake palikuwa na tangazo: Madamu Danielle, aliyerudi kutoka Ubelgiji, amefungua nyumba mtaa wa Kiriri, mlimani. Watu wazima wanakwenda kulala huko kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, wanajifunza kitu kwa raha yao. Gitaa. Kuchora. Keki. Na chini kabisa: ijambo la sherehe.

"Wallahi mi nilidhani ni mzaha," Khadidja akasema akikunja kitambaa. "Mutu ana nyumba yake, ana kitanda chake, anakwenda kulala kwa mutu mwingine ajifunze gitaa? Na hakuna mgonjwa, hakuna msiba?"

"Niandikie namba yake," nikasema.

"Ebo! We unataka gitaa?"

"Nataka kusema."

Khadidja akanitazama, akaacha kukunja, akaandika namba.

Nyumbani nilisema nakwenda retreti ya sala. Ungesema nini wewe? Musaga mtu mzima akilala nje ni msiba, ni hospitali, ni sala, au ni semina ambapo wanakulisha na kukupa bahasha. Kwenda kujifurahisha, tena kwa pesa yako, hakuna jirani angeelewa, wangesema nimepata bwana. Nikapakia mkoba, nikachukua na rozari ili niaminike.

Nyumba ya Madamu Danielle iko juu kabisa, ukisimama kwenye varanda unaona mji wote na ziwa, na ukikaza macho unaona hata mabati ya kwetu. Nilipoingia chumba cha ijambo walikuwa wanaume watupu wamekaa duara, na mbele yao mzee Melchior, mwalimu wetu, mwanaume mrefu mwenye fimbo, ambaye sauti yake karibu kila familia ya Bujumbura imeshaisikia kwenye sherehe.

"Karibu, mama," akaniambia kwa upole. "Keki ni chumba cha pili."

Wakacheka. Bila ubaya, wanaume wenye heshima zao, lakini walicheka.

"Keki najua, mwalimu," nikasema, nikavuta kiti nikakaa.

Ndipo mlango ukafunguliwa tena. Nikasikia kisanduku cha magurudumu kikiburuzwa, nikageuka. Yezu wangu! Rénovat! Yeye mwenyewe, na kalamu mfukoni kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Tukatazamana. Midomo ilimkauka nikiiona.

"Mama Chanelle? Chanelle si alisema uko retreti?"

"Na we, shemeji, mkeo si alisema uko misheni ya kazi Gitega?"

Akakaa upande wa pili wa chumba, akaanza kufuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi. Mwanaume anazaliwa nayo, eh? Damu ilinichemka mpaka masikio yakaniwaka. Kama angeniambia tangu mwanzo, "Mama Chanelle, sijui, naogopa, nisaidie," ningemsaidia. Naapa ningemsaidia. Lakini alinicheka, kisha akapanda Kiriri kwa siri kwenda kujifunza alichosema amezaliwa nacho.

Mzee Melchior alijua kufundisha, siwezi kumnyima haki yake. Alitueleza jinsi ya kupokea wageni, jinsi ya kukataa bila kukera, mahali pa kutia mzaha na mahali pa kunyamaza. Halafu akasema kwamba kwa mazoezi anahitaji mama wa bibi harusi. Akanitazama akitabasamu.

"Tumebahatika safari hii, tunaye."

Akaweka kiti ukutani, nikakalishwa. Mchana wote wa Alhamisi wanaume wale walisimama mmoja mmoja wakamtoa binti yangu wa uongo, na mimi nimekaa ukutani mikono mapajani. Ijumaa asubuhi, kiti kile kile. Mmoja alimtoa binti huku akinipa mgongo. Mwingine alisahau kama nipo, akaniwekea koti lake mapajani! Nikalitupa chini.

Kazi yangu ilikuwa moja tu. Mzee Melchior aliieleza akigonga fimbo sakafuni.

"Kabla ya kumtoa mutoto, msemaji anageuka, anainama kwa mama, anamuuliza: umekubali? Analosema mama, msemaji anawabebea wageni neno kwa neno, kwa sababu wageni hawapokei jambo ila kwa mdomo wa msemaji. Halafu mama anainamisha kichwa, kwamba ndivyo. Hapo mutoto ametoka."

"Na mama akiwa na mengi ya kusema?" nikauliza kutoka ukutani.

"Mama anasema nimekubali."

"Akiwa na mengi?"

"Mama, nimesema kwenye sherehe mpaka mvi zimeniota. Sijaona."

"Na msemaji akiruka, asimuulize?"

Hapo hakucheka. "Huyo ameharibu. Wageni wanaweka glasi chini, wanangoja. Mutoto anayetoka bila mama yake kuulizwa ameibwa, na watu wenye heshima hawaibi."

Nikaliweka hilo kichwani. Sikujua nitalifanyia nini, lakini nililiweka.

Zamu ya Rénovat ilipofika alikuwa kichekesho. Alipokea wageni kabla hawajafika, alichanganya majina, alijikwaa kwenye kamba ya taa. Lakini palikuwa na kipande kimoja alichokijua, na alipokifikia sauti ilimnenepa.

"Mutoto huyu nimemulea mimi! Nilimubeba mugongoni! Nilimulisha kwa mukono huu!"

"Hapo vizuri," mzee Melchior akasema. "Hapo watu watalia."

Nililia mimi, kwa hasira.

Wakati wa chakula cha jioni nilimfuata mezani kwake. Nilijitahidi kuongea kama mtu.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Siku ile sema yote unayotaka, ila usiseme umemlea. Mtaje kaka yako. Sema ni mtoto wa Herménégilde, basi."

"Ni maneno ya sherehe tu, Mama Chanelle. Watu wanapenda."

"Ni uongo."

"Lakini nani anaangalia?" Akachukua kipande cha ndizi, akatafuna, akameza. "We mwanamke una matatizo. Kaa kwenye kiti chako."

Kaa kwenye kiti chako! Mbele ya watu wa keki na watu wa gitaa! Nilitamani sahani ile ya maharage nimvike kama kofia. Madamu Danielle aliniona, akaja akanishika mkono, akanitoa varandani.

"Una nini, mama?"

"Nimelipa kama wao," nikasema, "na tangu jana mimi ni kiti."

Madamu Danielle ni mwanamke asiye na maneno mengi. Jumamosi asubuhi aliingia chumbani kwetu, akamwambia mzee Melchior kwamba kila aliyejiandikisha atapata zamu, akakaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti cha ukutani. Nikasimama. Nikawapokea wageni, nikawazungusha, nikawatania mpaka yule bwana wa koti akacheka mpaka machozi. Nikamtaja Herménégilde. Nikasema alivyomfundisha mtoto kuandika jina lake kwa kidole kwenye unga wa muhogo, mezani, mimi nikigomba kwamba unga unaharibika. Nilipomaliza Rénovat alikuwa anatazama dirishani.

Mzee Melchior aliniita pembeni.

"Unajua, mama. Unajua kuliko hawa. Lakini mi naweza kukufundisha ijambo, siwezi kukupa mahali pa kulisemea. Siku ile ukisimama, wageni watatazama chini, na aibu itakuwa ya binti yako."

Alisema kwa huruma, na huruma yake ilinikasirisha kuliko kicheko cha Rénovat. Kwa sababu alisema kweli. Chanelle alikuwa ameshaniambia: "Mama, tafadhali, siku yangu usigombane." Ningefanya nini? Nimharibie mtoto siku yake kwa sababu ya mdomo wa mpumbavu?

Jumapili tulipiga picha, kila mtu na cheti chake. Rénovat alinisogelea kwenye ngazi, kisanduku mkononi.

"Mama Chanelle, tufanye hivi. Mi sikukuona, we hukuniona."

"Eti eh," nikasema, nikashuka kupanda basi.

Siku ya mahari uani kwetu palifungwa mahema mawili yakitazamana, wao kule, sisi huku. Chanelle alikuwa ndani na wenzake, kama desturi, mpaka atakapotolewa, lakini dirisha liliachwa wazi kidogo, wasikie. Kabla sijatoka alinishika mabega.

"Mama, utakuwa sawa?"

"Nitakaa kwenye kiti changu," nikamwambia.

Nikakaa. Imvutano ya Khadidja ilinipendeza, ndiyo, na yeye Khadidja alikuwa nyuma yangu na wanawake wengine, ameshika kopo la juisi. Rénovat akasimama na suti ile ile ya bluu.

Na jamani, alisema vizuri! Hapo ndipo moto ulinipanda hasa. Mzee Melchior alikuwa amempika akaiva. Hakujikwaa, hakuchanganya jina hata moja. Aliwazungusha wageni, mzaha wa yule bwana wa koti akauiba mzima mzima, watu wakacheka. Hata mzaha wangu mmoja aliuchukua, bila haya! Halafu akaweka mkono kifuani, nikajua tumefika.

"Mutoto huyu nimemulea mimi. Nilimubeba mugongoni. Alipolala njaa, nililala njaa naye."

Wazee wa Kinama wakatikisa vichwa kwa heshima. Shangazi yake Arnaud akajifuta jicho. Herménégilde hakutajwa, kama vile mtoto yule aliokotwa njiani. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika kitambaa cha imvutano mpaka vikaniuma.

Sasa ikawa zamu ya kugeuka. Nilimwona akianza kugeuza bega. Macho yetu yakakutana. Akakumbuka, nina hakika alikumbuka, ombi langu mezani na maswali yangu kutoka ukutani, "akiwa na mengi ya kusema?" Bega likarudi lilikotoka.

"Basi," akasema haraka, "sisi tumekubali. Mutoto ni wenu. Tunywe!"

Nyuma yangu wanawake wakaguna. Rénovat akainua glasi. Hakuna aliyeinua naye. Msemaji wa kina Arnaud, mzee mfupi mwenye kofia ya manyoya, alikuwa ameweka glasi yake chini taratibu, na wote kwenye hema lao wakaweka zao.

"Tumeshukuru sana," mzee yule akasema. "Lakini masikio yetu ni ya kizee. Hatukusikia mama akiulizwa."

"Mama amekubali," Rénovat akasema. "Namujua mimi."

"Kama amekubali, si aulizwe tu? Sisi hatukuja kuiba."

Rénovat akageuka. Akaja mbele yangu, akainama, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mama Chanelle, umekubali?" Halafu chinichini: "Inamisha kichwa tu. Nakuomba."

Sikusimama. Sikupandisha sauti. Mikono ilikuwa mapajani kama alivyotaka mzee Melchior. Nikasema naye sikioni, pole pole, kama ninavyomsemea mtoto mgumu imla.

"Waambie: mama amesema, mtoto huyu ni wa Herménégilde. Mama amesema, amemlea yeye, hapa Musaga, peke yake. Mama amesema, mimi Rénovat sikumlea. Kwa hayo, amekubali."

"Apana," akanong'ona. "Apana, shemeji. Utaniua."

"Neno kwa neno. Si umefundishwa?"

Akanyanyuka. Akawageukia wageni, akatabasamu kitabasamu cha mtu anayeumwa jino.

"Mama amesema amekubali."

Mzee wa kofia hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kichwa changu. Hema lote likanitazama kichwa. Mimi nikakishikilia wima, shingo imekaza, nikitazama mbele. Moyoni nilikuwa nasema, Chanelle mwanangu, nisamehe, ngoja kidogo tu.

"Mama bado," mzee akasema. "Labda umedondosha neno njiani, mwenzangu. Rudi ukalichukue."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, maana walianza kuona kwamba si mzaha. Rénovat akageuka kunitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamrudishia macho na sikupepesa. Miaka yote ile, jiko lililobomoka, malaria, Chantal! Ningekaa pale mpaka mvua inyeshe.

"Mama amesema," akaanza, "mutoto huyu ni wa kaka yangu. Herménégilde."

Kichwa changu hakikusogea.

"Mama amesema, amemulea yeye. Hapa. Peke yake."

Dirishani nikasikia mtu anavuta pumzi ya kulia, nikaijua ni ya nani. Bado sikusogea. Rénovat alisimama katikati ya uwanja, glasi mkononi, huku mahema mawili yakimngoja. Akatazama viatu vyake.

"Na mimi," akasema, "mimi sikumulea."

"Sema tena, mwenzangu," mzee akamwambia kwa upole. "Masikio ya kizee."

"Sikumulea!"

Hapo nikainamisha kichwa.